Rode Wireless GO II: maiki ya kununua, ila mweleze anayeivaa

Kwa anayetengeneza filamu za hali halisi Mombasa, Rode Wireless GO II ni maiki ya kununua. Sauti yake ni safi, seti moja inatosha watu wawili, na tangu itoke mwaka 2021 mafundi wengi wameizoea. Kasoro yake haiko kwenye ufundi. Kitu kinachoifanya iuzike sana, yaani kumbukumbu ya kujirekodia sauti iliyomo ndani ya kila maiki, kinageuza makubaliano kati ya mwenye kamera na mhusika, na wengi wanaomvalisha mtu maiki hii hawamwambii. Hilo ndilo tutakalolikazia hapa kuliko ubora wa sauti.

Ndani ya boksi mna maiki mbili za kubana kwenye nguo, kila moja kama gramu 30, kipokezi kimoja cha kukaa juu ya kamera, nyaya, na vifuniko vya manyoya vya kukinga upepo. Betri hudumu hadi muda wa saa 7 na huchajiwa kwa USB-C. Umbali unaotangazwa ni mita 200 pasipo kizuizi. Ufuoni Nyali, maji yakishakupwa, unaweza kuukaribia. Mji wa Kale, sahau. Nyumba za Kibokoni zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na mawimbi ya redio yanayobeba sauti, ya 2.4 GHz, hayapenyi hapo vizuri. Hata mwili wa binadamu huyazuia, kwa hivyo mhusika akikupa mgongo na kuingia ndani, sauti kwenye kipokezi huanza kukatika.

Zamani kukatika huko kulikuwa kero kwa fundi na stara kwa mhusika. Mama akiondoka barazani akaenda chumbani kuzungumza na mkwewe habari za deni, hakuna aliyeyasikia. Maiki hii ikipangwa ijirekodie, haipotezi neno. Kumbukumbu ya ndani hubeba zaidi ya saa 24 za sauti iliyobanwa (yaani iliyopunguzwa ukubwa wa faili), au kama saa 7 za sauti isiyobanwa, na huendelea kunasa hata ukuta ukiikata na kipokezi. Kamera imezimwa, timu imekaa inakunywa kahawa na kashata, na kidude kifuani kwa mama bado kinarekodi.

Mvaaji hana namna ya kulijua hilo. Anachokiangalia yeye ni kamera: ikimwelekea anajipanga, ikigeuzwa anapumua. Taa ya maiki iko chini ya kidevu chake mwenyewe, haioni. Na fomu ya ridhaa aliyotia sahihi asubuhi inataja "mahojiano" na "picha". Kwa fahamu yake, ya chumbani hayamo.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 32, inamtwika anayekusanya taarifa jukumu la kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, na inampa mwenye taarifa haki ya kuiondoa wakati wowote. Kifungu cha 52 kinawapa afueni waandishi wa habari, fasihi na sanaa, na wapo watengenezaji filamu wanaokimbilia hapo mara moja. Afueni hiyo imefungamanishwa na maslahi ya umma. Sioni vipi ugomvi wa deni la mkwe, ulionaswa mwenyewe asijue, utaingia humo. Na hata ungeingia, mama yule ndiye aliyekufungulia mlango.

Kwa hivyo, kabla ya kwenda kwa mtu, unganisha maiki na kompyuta, fungua programu ya Rode Central, uzime kurekodi kwa ndani. Iwe hivyo siku zote. Uiwashe kwa mahojiano ya kukaa kitako tu, ambapo mhusika anajua yanaanza lini na yanaisha lini, na ukiiwasha umwambie. Maneno ya kumwambia ni mepesi: "Mama, hiki kikiwaka kinasikia kila kitu, hata ukienda jikoni, hata ukienda msalani. Ukitaka kizimwe, niite, au bonyeza hapa mpaka taa izimike." Kisha mpe ajaribu mwenyewe, akizime na kukiwasha mara mbili. Mtu aliyekizima kwa mkono wake atakizima tena wakati anapokihitaji. Aliyeelezwa tu ataona haya kukigusa, asije akaharibu kifaa cha wageni.

Kuvalisha nako kuna adabu yake. Klipu ya nyuma inashika vizuri kola ya shati na tundu la kifungo cha kanzu, lakini kwenye buibui uzito wake unavuta kitambaa, maiki inainama na kuanza kusugua. Kuna tundu la milimita 3.5 la kuchomeka maiki ndogo ya waya. Hiyo hupita chini ya mtandio, na kidude chenyewe kikafungwa kiunoni. Waya aupitishe mwenyewe au mwanamke mwenzake, chumbani, mlango umefungwa. Fundi mwanamume anayeingiza mkono kifuani kwa mama wa watu kwa sababu "tumechelewa" ameshaharibu siku nzima, hata kama mama amenyamaza.

Sasa mipangilio ya nyimbo za sauti, yaani mikondo ambamo sauti huhifadhiwa, na hapa wengi hukosea bila nia mbaya. Kipokezi kinaweza kuzichanganya maiki mbili kuwa wimbo mmoja au kuzitenganisha. Ukizichanganya unapata pia wimbo wa akiba ulioshushwa nguvu ya sauti kwa desibeli 20, unaokuokoa mtu akipaza sauti ghafla. Inavutia. Lakini ndugu wawili wakihojiwa pamoja, kisha mmoja aseme hataki tena, sauti yake imeshaungana na ya mwenzake na hakuna wa kuzipambanua. Watu wawili, nyimbo mbili, kila siku. Ukipoteza sentensi moja kwa sababu ya kelele ni hasara ndogo. Kumbukumbu ya ndani ina faida hapo, maana kila maiki hujiwekea faili lake. Sababu nzuri ya kuiwasha kwa mahojiano ya wawili, kwa sharti lile lile la kuwaambia.

Na ikiwa pamoja na yote hayo umenasa jambo ambalo mhusika hakukusudia? Mara nyingi ndilo litakalokuwa zito kuliko filamu yote, na mhariri aliye Nairobi au ng'ambo atalipenda. Mrudie mhusika kabla halijaingia kwenye uhariri. Mvalishe hedifoni, asikie peke yake, pasiwe na mume wala mtoto wala mfadhili. Usitake jibu papo hapo. Mtu aliyekupikia biriani na kukuita mwanangu ataona vibaya kukukatalia usoni, atasema "sawa tu", na "sawa tu" hiyo si ridhaa. Mwache siku mbili, na jibu alitume kwa mtu wa timu asiye wewe. Akikataa, faili lifutwe kwenye diski zote, pamoja na ile iliyokwisha kwenda kwa mfasiri. Mfasiri huyo naye achaguliwe kwa uangalifu: anayejua Kimvita au Kigiriama vizuri huenda anaifahamu familia hiyo, na kumpelekea saa sita za sauti ghafi ni kuwapelekea majirani siri za nyumba.

Kuna mahali maiki hii haifai kuingia kabisa, hata mwenye shughuli akiruhusu. Sherehe ya kupamba bibi harusi ni mojawapo. Inanasa mita kadhaa kuzunguka mvaaji, na ruhusa ya mmoja haiwafuniki wanawake wote waliovua mabuibui na kucheza wakijua hapana anayewarekodi.

Upande wa upepo, vifuniko vya manyoya vinafanya kazi, ila hushikwa kwa kubanwa tu na hutoka kirahisi. Msimu wa kusi, pale Mama Ngina kando ya bahari, beba vya ziada.

Wengi hapa hukodi seti kuliko kununua, basi ukiipokea iunganishe kwanza na Rode Central uangalie mna nini. Mkiacha mafaili humo, maiki ikijaa hufuta ya zamani kwanza, lakini kabla haijajaa mkodi anayefuata anaweza kusikiliza yote. Ukikuta sauti za wageni wa mtu mwingine, usizifungue, mpigie mwenye kifaa azifute. Za kwako zitoe, uzifute, uwashe tena maiki kuhakikisha orodha ni tupu, ndipo uirudishe.