Uzoefu wangu: siku nzima ya kutazama ndege Heathrow

Niliposema naenda London kutazama ndege, rafiki yangu aliniuliza kama nimebeba darubini ya kuwatafuta mitini. Ikabidi nimweleze kwamba si ndege hawa, ni ndege hizi. Akazidi kucheka.

Mahali penyewe ni Myrtle Avenue, mtaa wa nyumba za kawaida tu kando ya uwanja wa ndege wa Heathrow, wenye kiwanja kidogo cha nyasi mwishoni. Unashuka kituo cha Hatton Cross, reli ya Piccadilly ya treni za chini ya ardhi, unatembea dakika chache, umefika. Hakuna kiingilio. Hakuna choo pia, wala kibanda cha chai, kwa hiyo jipange.

Nilifika saa tatu asubuhi bila kuangalia ratiba, na hapo ndipo nilipojiponza. Heathrow ina njia mbili za kurukia, sambamba. Upepo ukivuma kutoka magharibi, kama ilivyo siku nyingi pale, njia moja hupokea ndege zinazotua na nyingine huachiwa zinazopaa. Saa tisa alasiri zinabadilishana, ili wakazi wa kila upande wapumzike na kelele, na wiki inayofuata zamu hugeuzwa. Mimi niliangukia wiki ambayo asubuhi ndege zinatua njia ya kaskazini, na Myrtle Avenue iko upande wa ile ya kusini. Kwa muda wa saa sita nzima nilihesabu mikia kwa mbali, na ratiba hiyo uwanja huitangaza mapema! Upepo ukitoka mashariki ndiyo usijisumbue kabisa, maana ndege hutua zikitokea upande wa pili.

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha kukunja aliniona ninavyohangaika. "Kaa," akasema, "saa tisa haiko mbali."

Na kweli. Zilianza ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, dakika moja au mbili katikati. Kisha ikaja A380, lile dege la Airbus la ghorofa mbili. Mabawa yake ni karibu mita 80 kutoka ncha hadi ncha. Nilikuwa naijua namba hiyo tangu zamani, lakini kuijua si sawa na kusimama chini yake magurudumu yakiwa nje. Ilikuja polepole mno, utadhani imeamua kutokufika. Ikapita. Sekunde chache baadaye, mlio wa injini ukiwa umeshafifia, nikasikia juu ya kichwa kitu kama shuka linachanwa. Ni hewa iliyosokotwa na ncha za mabawa, inayobaki ikizunguka nyuma ya ndege. Hakuna video iliyowahi kunisikilizisha hilo.

Nilijifunza pia kuzitambua bila simu: Airbus A350 ina weusi kuzunguka madirisha ya marubani kama miwani ya jua, na Boeing 787 ina meno meno nyuma ya injini. Ukiona usajili unaoanza na 5Y, hiyo ni ya Kenya. Moja ilipita, nikapunga mkono kama mtoto.

Lenzi kubwa ya milimita 400 iliniumiza bega bure. Ndege zinapita karibu mno. Kila picha ya A380 imekatwa mkia au pua. Ile ndogo, au hata simu, inatosha.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku watakapoweka choo.