OpenBoard kwenye ubao wa kugusa: inafaa, ila usihamishe slaidi zako zilivyo

OpenBoard ni programu huria ya bure ya kufundishia kwenye ubao wa kugusa, yenye chimbuko katika Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Sifa yake kubwa ni kwamba haichagui ubao. Uwe wa projekta au paneli ya kugusa, wa kampuni yoyote, mradi kompyuta inausoma mguso kama inavyosoma kipanya. Kwa somo la kumwinua mwanafunzi kitini aje mbele apange, aunganishe au asahihishe, inatosha kabisa. Anayetafuta slaidi zenye mbwembwe atafute kwingine.

Wengi hukwama pale wanapohamisha somo la zamani. Faili la PowerPoint hugeuzwa kwanza kuwa PDF, na hapo kila slaidi inakuwa picha tuli: neno haliburutiki, mshale hausogei, darasa linabaki kutazama. PDF itumike kwa ramani au mchoro wa kuandikia juu yake tu. Zoezi lijengwe upya.

Chukua mzunguko wa maji. Ingiza mchoro, ufungulie menyu yake na uufanye usuli wa ukurasa, la sivyo mtoto akiburuta neno ataondoka na mawingu. Kisha andika uvukizi, mtonesho, mvua na mengineyo, kila neno kwenye kisanduku chake. Yakiandikwa pamoja yatasogea pamoja. Matano au sita yanatosha, kwa herufi zinazosomeka kutoka dawati la mwisho. Yapange upande wa chini, kwa sababu mtoto mfupi hafikii juu, na acha nafasi wazi ya kuandika kwa mkono. Kifutio hufuta wino wa kalamu tu, hakigusi maandishi yaliyochapwa wala picha, na hilo ni jambo zuri sana darasani.

Jambo la kuangalia: programu hujihifadhi yenyewe. Kundi la kwanza likishapanga maneno, la pili litakuta majibu yameshapangwa. Rudufu ukurasa kabla ya kipindi, nakala moja kwa kila kundi, na ule wa asili usiguswe.

Lipo pia tatizo la skrini mbili. Ubao ukiunganishwa kama nyongeza ya skrini, vifaa vya kazi hubaki kwenye kompyuta na ubao huonyesha ukurasa peke yake, usioandikika. Kwa mwalimu anayefundishia kwenye kompyuta mpangilio huo ni mzuri, maana anaweza kuficha jibu lisionekane kwenye skrini ya pili. Lakini wanafunzi wakitakiwa kugusa, badilisha mipangilio ya kompyuta ili skrini zote zionyeshe kitu kimoja. Wino ukitokea kando ya kalamu, usiilaumu programu: projekta imesogezwa, na ubao unahitaji kusawazishwa upya kwa kugusa alama zinazojitokeza.

Mwisho wa kipindi, toa PDF ya kuwagawia wanafunzi, lakini tunza faili la ubz, yaani la OpenBoard yenyewe, kwani ndilo pekee litakaloharirika tena. Video ziwe fupi. Zinaingia ndani ya faili na kulifanya zito. Fonti nayo iwe ya kawaida: kama haipo kwenye kompyuta ya darasani, itabadilishwa na maneno yatatoka kwenye nafasi zake.