Seti ya kuanzia kutengeneza upinde wa mti: uzoefu wangu hapa Pemba

Nianze na bei, maana ndiyo swali la kwanza la kila aliyeuona upinde wangu. Seti nzima imenifika kwa karibu shilingi laki nne na nusu, na zaidi ya nusu ya fedha hizo ni usafirishaji. Ubao wa inchi 68 hauingii kwenye bahasha, na wasafirishaji wanatazama urefu kama wanavyotazama uzito. Ukatoka ng'ambo mpaka Dar, ukavuka Unguja, ukapanda boti ya Mkoani, halafu gari mpaka Chake. Jina la wauzaji sitalitaja. Nina ya kuwasifu na nina ya kuwalaumu, na hayo ya kulaumu nadhani yatakukuta kwa muuzaji yeyote anayekata mbao zake kwenye nchi kavu na kuzileta kwenye kisiwa kama chetu.

Ndani ya kasha mlikuwa na ubao wa hikori, mti mgumu wa Marekani, ukiwa umeshachongwa umbo la awali. Tupa ya mbao, bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili. Kikwangulio, yaani kibati cha chuma cha ukubwa wa kiganja. Kijitupa chembamba cha kukatia vijikato vya ugwe kwenye ncha. Ugwe mmoja wa dakroni, yaani uzi wa polista, misasa, na kitabu cha maelezo. Mizani hamna, mafuta hamna, mshale hata mmoja hamna. Hilo la mshale liliwafurahisha sana wenzangu wa barazani. "Umeagiza bunduki bila risasi?" Tangu hapo jina langu ni Liyongo, na hawalitamki kwa heshima.

Zana ni nzuri, tena nzuri hasa. Tupa za madukani kwetu nyingi meno yake yamepangwa kwa mistari, zinaacha mifereji ambayo utaihangaikia na msasa mpaka uchoke. Hii meno yake yametawanywa, inakula mti haraka na bado uso unabaki laini. Adui yake ni hewa ya bahari. Ukiiacha wazi usiku mmoja wakati wa masika utaikuta imeanza kupata kutu, kwa hiyo kila nikimaliza naipiga brashi, naipaka mafuta ya cherehani na kuifunga kwenye kitambaa.

Kikwangulio nilikwenda nacho kwa mzee mmoja fundi wa majahazi, nimuoneshe.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hii umenunua?" Akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba ukingoni. "Kata kipande cha msumeno uliochakaa, utapata kama hiki. Na uta mie ninao siku zote." Akanyanyua keekee yake ya kutobolea mbao, ile inayozungushwa kwa uta, akacheka mpaka akakohoa.

Alisema kweli. Nimeshachonga kingine kwa bapa la msumeno mbovu na sioni tofauti. Ukitaka kupunguza gharama, punguza hapo. Ila jifunze kukinoa: kikiwa kikali kinatoa maranda membamba yaliyojikunja, kikianza kutoa vumbi tupu ujue kinataka tupa.

Sasa kazi yenyewe, kwa asiyeijua. Upinde una mgongo na una tumbo. Mgongo unatazama shabaha, tumbo linakutazama wewe. Ukivuta, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Ndiyo maana mgongo haukwanguliwi: ukizikata nyuzi za mti upande huo, hapo ndipo utakapopasukia. Kazi yote ni ya tumboni, na kwenye seti hii ubao ulikuwa na nyuzi zilizonyooka toka ncha mpaka ncha. Katika hilo walichagua kwa uangalifu, siwanyimi haki yao.

Unaanza kwa kusimamisha ncha moja sakafuni, unashika katikati na kuukandamiza, unauhisi unavyonepa. Ukishaanza kukubali, unauhamishia ukutani. Mie nimepigilia ubao wima kwenye ukuta wa uani. Juu kuna kitako cha kuwekea mshikio wa upinde, ubavuni alama za inchi moja moja, chini roda. Kamba inapita kwenye roda mpaka mkononi mwangu, nami nasimama mbali kidogo, ili ukivunjika usinikute usoni. Navuta inchi chache, natazama. Mkono wa juu na wa chini, yaani zile nusu mbili za upinde juu na chini ya mshikio, inatakiwa ikunjike sawasawa, mkunjo umeenea mkono mzima, sio kuvunjikia mahali pamoja kama kiwiko. Sehemu inayokunja kupita kiasi naitia alama ya penseli na siigusi tena. Ile iliyobaki ngumu ndiyo nakwangua, kidogo tu, halafu nauvuta mfupi mfupi mara 20 au 30 kabla ya kutazama upya, kwa sababu mti hauoneshi mabadiliko papo hapo. Kitabu kimelieleza hili vizuri, pamoja na kanuni moja ya kuishika: usiuvute kamwe kupita uzito unaoutaka mwishoni, yaani nguvu ya kuuvuta, sio uzito wa mti wenyewe. Unataka paundi 35, ukifika paundi 35 simama, hata kama umevuta inchi kumi tu, kakwangue kwanza. Uzito wenyewe husomwa ugwe ukiwa umevutwa inchi 28.

Mizani, kama nilivyosema, hamna. Nimeazima ile ya ndoano ya wauza samaki, ya kuning'iniza. Paundi 35 ni karibu kilo 16, inatosha kabisa, ila utavumilia harufu.

Lawama yangu ni kwa ubao na kitabu, na ni lawama moja. Kitabu kina kurasa nzima za pinde za Waingereza, mti wa yuu, meli ya kivita ya Mary Rose iliyozama mwaka 1545 na kuibuliwa 1982, na pinde zaidi ya mia zilizopatikana ndani yake. Inapendeza kuisoma. Wahadza wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, ambao hadi leo wanachonga pinde zao wenyewe na kula kwa pinde hizo, hawamo hata kwa mstari. Na kuhusu unyevu wa mti, sentensi mbili: ubao umekaushwa, uweke mahali pakavu.

Mahali pakavu Pemba ni wapi? Unyevu wa hewa yetu mara nyingi unapita asilimia 75. Upinde wa mti mweupe kama hikori unataka unyevu wa ndani wa asilimia 8 hadi 10, wakati mti uliokaa kwenye hewa kama hii unajivutia maji wenyewe mpaka asilimia 14 au 16. Hausemi kitu, hauoneshi kitu. Tena hikori ndiyo inayosifika kwa kufanya vizuri nchi kavu na kulegea kwenye unyevu. Kwa hiyo ubao uliotoka kwao umekauka ulikuwa umeshashiba safarini na kwenye chumba changu, nami nikafuata hatua za kitabu moja baada ya nyingine. Matokeo: upinde mzima, haujapasuka popote, umepinda sawa pande zote mbili, lakini ukiuvua ugwe unabaki umejikunja kiasi cha inchi mbili. Tumbo limebanwa nyuzi zikasagika, na zikishasagika hazirudi. Badala ya paundi 35 mizani ya samaki inasoma kilo 11 na kitu. Unarusha mshale, ndiyo. Mpwa wangu anaufurahia. Kwa mtu mzima ni mwanasesere.

Niliwaandikia. Wakajibu kwa adabu kwamba ubao ulitoka kwao ukiwa sahihi na yanayotokea baadaye ni ya mnunuzi. Kwa sheria ya biashara labda. Lakini anayeuza kwa mtu wa pwani ya Bahari ya Hindi, na anwani ameiandika kwa mkono wake, angeweka karatasi moja ya onyo.

Karatasi hiyo ingesema hivi. Kabla ya kukwangua chochote, pima uzito wa ubao kwa mizani ya jikoni na uandike. Uweke darini chini ya bati wakati wa jua la kaskazi, au tengeneza sanduku refu la plaiwudi lenye balbu ndani. Balbu iwe ya zamani, ya waya. Hizi za LED hazina joto la maana. Joto la nyuzi 38 hivi linatosha, zaidi ya hapo unatafuta nyufa. Pima tena kila baada ya siku kadhaa, na uzito ukiacha kushuka ndipo ushike tupa. Kila ukipumzika kazi, rudisha upinde sandukuni. Ukimaliza, paka vanishi ya maboti matabaka kadhaa, ukijua kwamba vanishi inauchelewesha unyevu tu, haiuzuii. Hapa kwetu kila nyumba inajua kungoja karafuu ikauke, subira hiyo tunayo tayari.

Kuhusu miti ya hapa, kitabu kinashauri "ukate mti wako msituni". Msitu gani? Ngezi ni hifadhi, mikoko ina wenyewe na masharti yake, na mkarafuu hata usiutazame kwa jicho hilo. Mvinje nimeujaribu, mzito, na ulipokauka ukapasuka-pasuka kwa urefu. Mianzi iliyokomaa naisikia ikisifiwa kwa kubandikwa mgongoni, nitaijaribu. Kwa sasa darini nina gogo la mkole aliloniletea jamaa yangu wa Dodoma, mti ambao bara wanaujua kwa pinde na mipini. Nimeziba ncha zake kwa rangi ili usipasuke, nimeubandua gome, unangoja.

Ugwe wa dakroni ndio kitu kingine ambacho siwezi kukipata Chake. Nailoni ya wavuvi inanyumbuka mno, unavuta na nguvu inaishia kwenye kamba. Huu nauhifadhi, naupaka nta ya nyuki, ambayo namshukuru Mungu haina shida huku.

Watu wanauliza nitawinda nini. Siwindi. Kijana mmoja alipendekeza popo wa Pemba, hawa wasiopatikana pengine popote duniani. Nikamwambia akamuulize babu yake kwanza. Shabaha yangu ni gunia la katani lililosindiliwa matambara, kwenye shamba la shemeji, nyuma yake tuta la udongo, na watoto wote nyuma yangu. Usiachie ugwe bila mshale, nguvu inarudi kwenye mti wenyewe. Na usiuache umefungwa ugwe usiku kucha, mti wetu huu wenye maji ndio kabisa.

Nikitoa nyota, zana ni tano, ubao mbili, kitabu tatu kwa sababu ya sura ile ya kulinganisha mikono. Nimewauliza kama wanauza tupa na ugwe peke yake bila ubao. Wanauza, ila haimo kwenye orodha yao, lazima uwaandikie. Kifurushi hicho ni kifupi, na usafiri wake walionitajia ni kama robo ya ule wa kwanza.