Tràng An kwa mashua ya makasia: ukienda, lala Ninh Bình

Nianze na hukumu kabisa: kati ya yote niliyolipia kaskazini mwa Vietnam, safari ya mashua Tràng An ndiyo ningeilipia tena hata kesho. Ila ina sharti lake. Lala Ninh Bình, mkoa ambamo Tràng An imo. Ukiifuata kwa basi la watalii kutoka Hanoi asubuhi na kurudi jioni, utakuwa umeiona lakini hujaifaidi.

Tràng An iko kama kilomita 90 kusini mwa Hanoi. Ni vilima vya mawe ya chokaa vilivyosimama wima kutoka majini, na chini yake maji yamejipasulia mapango yanayopitika kwa mashua. UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2014 kwa mandhari yake na kwa utamaduni pia, maana ndani ya mapango hayo zimekutwa dalili za watu walioishi hapo kwa zaidi ya miaka 30,000. Kati ya miaka 7,000 na 4,000 iliyopita bahari iliingia mpaka hapa, vilima vikawa visiwa. Aliyekulia karibu na miamba ya ufukweni kwetu ataitambua alama hiyo mara moja: jiwe limeliwa chini, juu limebaki limetokeza kama kibaraza.

Mimi na dada yangu tulipanda treni kutoka stesheni kuu ya Hanoi. Ni mwendo wa saa mbili na ushei, viti ni vizuri, na dirishani unapata mashamba ya mpunga mfululizo. Zipo pia gari ndogo za abiria zinazokufikisha hadi mlangoni pa nyumba ya wageni.

Kesho yake tulikuwa gatini kabla ya saa mbili asubuhi. Tiketi tuliyokata ilikuwa dong 250,000 kwa mtu, kama dola 10 hivi, na humo tayari kuna mashua, mpiga makasia na koti la kuokolea. Njia ziko tatu na unachagua pale pale. Kila moja huchukua takribani saa tatu. Sisi tulichukua ya tatu, kwa sababu ndiyo inayopita ndani ya pango la Đột, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Mwenye hofu ya sehemu za kubana achague njia nyingine, nasema kwa nia njema kabisa, kwa sababu humo ndani si mchezo.

Mashua inachukua abiria wanne, kwa hiyo tuliunganishwa na mzee na mkewe waliotoka Hải Phòng. Mpiga makasia wetu alikuwa mama wa makamo mwenye kofia ile ya pembe tatu ya majani. Wengi wa wapiga makasia ni akina mama wa vijiji vya hapo hapo, na kazi yenyewe huenda kwa zamu. Kiingereza hakuwa nacho, sisi Kivietinamu hatuna, lakini tulielewana. Kabla ya kila pango alikuwa akigonga ubavu wa mashua kwa kasia mara mbili, kisha anainamisha kichwa chake ili tumwige.

Ndani ya Đột kuna taa chache za umeme zilizofungwa pembeni. Dari linashuka mpaka unalazimika kulala kifudifudi juu ya magoti yako, na maji ya baridi yanakudondokea shingoni. Mama yule hakugusa ukuta hata mara moja. Kasia moja analizuia, lingine analisukuma kidogo tu, mashua inajipinda kwenye kona ambayo mimi hata sikuiona. Nilimtazama mikono muda mwingi kuliko nilivyotazama mawe. Hii ndiyo sehemu ambayo picha za matangazo haziwezi kukuonyesha: thamani ya safari hii iko kwa mtu aliyeshika makasia. Mwishoni tulimpa bahasha ya dong 100,000. Ni desturi, si lazima, lakini ukimtazama mtu akikuvuta kwa mikono yake saa tatu nzima, nadhani hutahitaji kukumbushwa.

Tulipotia nanga kwenye hekalu la kwanza, mke wa mzee alifungua mfuko wa korosho zilizokaangwa kwa chumvi zikiwa bado na ngozi yake nyembamba ya kahawia. Kwa programu ya kutafsiri kwenye simu tukamwambia tunatoka Tanzania. Mzee akainua korosho moja, akaielekeza kwetu, akacheka sana. Alijua. Sehemu kubwa ya korosho ghafi za Mtwara na Lindi huishia kwenye viwanda vya Vietnam kubanguliwa. Kula korosho ambayo huenda imetoka Newala, juu ya maji ya Ninh Bình, ukiwa na wenyeji wanaokukaribisha, kulinigusa kwa namna ambayo sikuitarajia. Zaidi ya hapo, kulinifanya nijiulize kwa nini tusiwe tunabangua nyingi zaidi sisi wenyewe.

Mchana nenda Hoa Lư, ni jirani tu kwa baiskeli. Hapo ndipo ulipokuwa mji mkuu tangu mwaka 968, Đinh Bộ Lĩnh alipowashinda mabwana wa vita na kuiunganisha nchi, hadi mwaka 1010 makao yalipohamishiwa Thăng Long, Hanoi ya leo. Kilichobaki ni mahekalu mawili ya kuwakumbuka wafalme wa Đinh na wa Lê, si majumba. Anayetafuta ukubwa ataona ni padogo. Mimi nilipapenda kwa sababu wenyeji wanaingia kuwasha ubani na kusali, hawaji kupiga picha tu.

Chakula cha Ninh Bình ni mbuzi na ukoko. Ukoko wenyewe wanaukausha, wanaukaanga mpaka unafura, kisha wanaumwagia mchuzi wa nyama. Kwa Waislamu: nyama ya nguruwe iko kila mahali, hata kwenye supu, na mbuzi huyo usidhani amechinjwa kwa utaratibu wetu. Tafuta migahawa yenye kibao cha «chay», hiyo haipiki nyama kabisa. Kwa swala ya Ijumaa, Hanoi kuna Msikiti wa Al-Noor, mtaa wa Hàng Lược, uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19.

Naomba nilinganishe na Hạ Long, maana kila mtu huuliza. Ghuba ile ina visiwa zaidi ya 1,600 na ni nzuri kweli. Lakini wakala mmoja wa Hanoi alituuzia safari ya siku moja, tukamaliza muda mwingi barabarani na kwenye duka la lulu ambalo hatukuliomba, kisha kisiwani tukahimizwa kama tumechelewa ndege. Kwa Hạ Long lala kwenye meli, au uiache. Fedha ikiwa ya kuchagua kimoja, chagua Ninh Bình.

Viza unaomba mtandaoni; tangu Agosti 2023 mfumo uko wazi kwa nchi zote, dola 25 kwa kuingia mara moja, na unaweza kupewa hadi siku 90. Laini ya simu tulinunua ya Viettel uwanja wa ndege wa Nội Bài, kampuni ile ile iliyo nyuma ya Halotel, na mtandao ulishika hata kati ya vilima. Kuwa makini na noti: ya dong 20,000 na ya 500,000 zote zina rangi ya bluu, na gizani ni rahisi sana kutoa isiyostahili.

Kuhusu msimu, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni mpunga huwa wa dhahabu pale Tam Cốc, dakika chache kutoka Tràng An, ambako baadhi ya wenyeji hupiga makasia kwa miguu. Joto lake ni kali na mashua hazina paa, kwa hiyo beba kofia na maji, na uepuke Jumamosi na Jumapili.