Kibati cha shilingi 350 na chipu ya 3,000: paka wangu anavyo vyote viwili

Niseme mapema: kama mfuko unaruhusu kimoja tu, chukua kibati, kile cha namba ya simu kinachoning'inia kwenye kola. Chipu, kidude cha namba kinachotiwa chini ya ngozi na kusomwa kwa mashine ya skana, ni kitu kizuri na sijuti kumtilia, lakini kwa mji kama Mombasa atakayemwokota paka wako ni kijana wa mkokoteni au mlinzi wa getini. Hao wana simu. Skana hawana.

Kibati nilichongewa na fundi wa funguo na mihuri, mmoja wa wale wenye vibanda upande wa Marikiti. Shilingi 350, pande zote mbili. Alinitolea vya aina mbili nichague: cha shaba, kizito, kinang'aa kama bangili ya bi harusi, na cha alumini, chepesi, hakina sura. Chukua cha alumini. Paka wa kilo tatu na ushei akivaa kile cha shaba, kila akinywa maji kinatangulia bakulini. Na mwambie fundi achonge kwa kina, asikuandikie kwa rangi, maana rangi haimalizi msimu. Yeye hakuona ajabu yoyote kuchongea paka. Walioona ajabu ni majirani. "Mwanangu amekaa mwaka mzima akingoja kitambulisho, paka wako kapata kwa dakika kumi!" Sikuwa na jibu.

Cha kuandika ni namba za simu, basi. Mbele niliweka yangu ya M-Pesa, kwa sababu ndiyo laini nisiyoweza kuiacha hata nikitaka; nyuma ya dada yangu. Jina la paka sikuandika. Aliyeokota akilijua jina atamwita kama wake, ingawa huyu wangu hata mimi nikimwita hugeuza mgongo. Upande wa nyuma sijawahi kuupiga picha, na hilo nalo ni la makusudi: ukitangaza mnyama kapotea hukosi wa kukupigia "tuma nauli nikuletee". Muulize nyuma pamechongwa nini. Mwenye paka mkononi atakusomea, na tapeli atakata simu.

Kimeshafanya kazi. Jioni moja nilipigiwa kutoka kwa wauza samaki: "Asalaam aleikum mama, huyu paka wa kibati ni wako? Amekaa chini ya meza yangu na hataki kutoka." Nikamwambia, "Waleikum salaam mwanangu, usimpe kitu, naja." Alikuwa ameshampa.

Kasoro ni pete. Ile anayoitoa fundi ni ya chuma cha kawaida, na kwa chumvi hii ya bahari ilishika kutu ikachafua manyoya kifuani. Nimebadilisha kwa pete ndogo ya stenlesi kutoka duka la ndoano na mishipi, zile za wavuvi. Kola nayo iwe ya kufunguka yenyewe ikivutwa. Paka hupita kwenye matawi na seng'enge. Kola isiyoachia inaweza kumnyonga. Hasara yake ni kwamba kola ikiachia, kibati kimekwenda nayo. Hapo ndipo chipu inapopata kazi.

Chipu alitiwa kwenye kliniki moja ya wanyama hapa mjini, shilingi 3,000. Sindano ni nene kuliko ya chanjo, na kidude chenyewe ni kichupa cha kioo cha ukubwa wa punje ya mchele, kinachoingizwa chini ya ngozi katikati ya mabega. Daktari alipitisha skana kwenye pakiti kwanza, kisha, baada ya kudunga, juu ya paka, akanionyesha namba ni ile ile: tarakimu 15. Kazi safi, mkono mwepesi. Paka alikasirikia mizani kuliko sindano. Kichupa hakina betri wala hakimfuati paka kwenye ramani. Kinasomwa skana ikipitishwa karibu kabisa na ngozi, na kinachotoka ni namba tu.

Nilipouliza namba hiyo imeandikwa wapi, nikaambiwa kwenye daftari la kliniki. Hapo ndipo nilipopunguza nyota. Paka akiokotwa Likoni akapelekwa kwa daktari mwingine, tarakimu 15 zitamwambia nini? Zingeanza na 404 angejua ni ya Kenya. Yangu inaanza na 9, alama ya kiwanda. Ikabidi niiingize mwenyewe kwenye rejista ya mtandaoni inayopokea chipu za nchi yoyote. Kliniki ingefanya hivyo wakati natia saini fomu.

Si jambo dogo. Utafiti wa Marekani uliotoka 2009, kwenye vituo 53 vya wanyama, ulikuta paka wenye chipu waliorudi kwao ni asilimia 38.5, kwa paka wote waliookotwa ni 1.8. Na pale chipu ilipokuwepo mwenyewe asipatikane, sababu kubwa ilikuwa namba ya simu iliyokosewa au kukatwa. Sisi wa kubadilisha laini kila ofa ikija, tujihesabu.

Kama kuna safari ya Ulaya au Uingereza mbeleni, hapo huna hiari. Chipu itangulie, chanjo ya kichaa cha mbwa ifuate. Ukigeuza mpangilio chanjo haihesabiki, unadunga na kulipa upya. England yenyewe tangu Juni 10, 2024 paka wa kufugwa lazima awe na chipu kabla hajafika wiki 20, la sivyo faini hadi pauni 500.

Fundi nampa nyota tano kasoro pete. Kliniki tatu na nusu: sindano tano, makaratasi mbili. Kwa fundi usiende Ijumaa saa sita. Akifunga kwa sala harudi mpaka saa nane na nusu, na foleni ya wenye funguo inakuwa imeshafika barabarani.