Gurudumu la nyuma la kubebea mzigo: habu ya Deore, spoki za Sapim, rimu ya Ryde Sputnik

Nasambaza maziwa Shinyanga kwa baiskeli ya mtumba ya inchi 26. Keria inabeba madumu mawili ya lita 20, na mimi mwenyewe si mwepesi. Gurudumu la nyuma lililokuja na baiskeli lilikuwa likikata spoki ovyo, na mwisho ekseli nayo ikakatika. Shemeji anayeishi Uholanzi alipokuja likizo, nikamwagiza vifaa vya kusuka jipya, habu na rimu vikiwa vya matundu 36, tundu moja kwa kila spoki. Limeshapita masika na kiangazi kwa mzigo uleule.

Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu kizuri, nunua habu, yaani kile kitovu cha gurudumu. Kwenye habu za bei rahisi, gia za nyuma hukazwa kwa hesi juu ya habu, na gololi za upande wa kulia hubaki ndani kabisa. Kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila pa kuegemea, ukiweka mzigo kinapinda, kisha kinakatika. Deore, habu ya Shimano, ni ya kaseti, yaani gia huchomekwa juu yake badala ya kukazwa kwa hesi: gololi za kulia zimesogezwa nje, karibu na fremu. Yangu haijapinda hata kidogo. Gololi zake ni za kawaida na koni zinazozibana zinarekebishika, kwa hiyo fundi yeyote anaifungua, anatia grisi, anafunga. Pima tu fremu kabla ya kuagiza, maana habu hii inataka nafasi ya milimita 135 kati ya miguu miwili ya nyuma ya fremu.

Kwenye spoki ndipo tulipobishana na fundi. Sapim Race, spoki ya Ubelgiji, ina unene wa milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati. Fundi alizishika akacheka: "Kaka, hizi za kubebea mkate. Chukua nene." Hapa kwetu wengi wanaamini hivyo, nami siafiki. Spoki haikatiki kwa kuvutwa mara moja. Kila gurudumu linapozunguka, spoki za chini hulegea kidogo, zikipanda hukaza tena, na mchezo huo ndio unaochosha chuma pale kwenye kona, inapoingia kwenye habu. Iliyopunguzwa katikati inanyumbuka zaidi, hailegei upesi, na ile kona inapumzika. Tangu zifungwe haijakatika hata moja.

Lakini hata spoki za Ubelgiji hazisaidii zikifungwa legelege. Nilikaa pale kibandani mpaka fundi alipozikaza zote kwa usawa, upande wa gia zaidi kama inavyotakiwa, kila spoki ikipishana na tatu. Kisha nikamwomba azibane mbili mbili kwa mkono, kwa nguvu, zikae vizuri kwenye matundu, ndipo anyooshe rimu tena. Mafundi wengi wanairuka hatua hiyo, gurudumu linatoka limenyooka na baada ya siku chache linayumba. Nati za spoki chukua za shaba. Za alumini ni nyepesi, lakini hushika kutu na kukwama, na kwa mzigo wangu wepesi huo wa nini?

Rimu ya Sputnik ni nzito na ngumu, ina kuta mbili. Imepiga mashimo ya barabara ya vumbi na bado imenyooka. Hata hivyo sioni kama lazima iwe hiyo. Rimu yoyote ya kuta mbili yenye matundu 36 ingetosha, mradi tundu la vali ni la milimita 8.5, zinakoingia tyubu zetu za kawaida. Vumbi na breki za mpira zinailamba pembeni, kwa hiyo iko siku itakuwa nyembamba na kubadilishwa.

Ubaya wake: bei. Seti nzima ingeninunulia mtumba mwingine mzima. Halafu spoki za urefu huu sizipati madukani hapa, na za kulia ni fupi kuliko za kushoto, kwa hiyo agiza za akiba za pande zote mbili. Zangu nimezifunga kwenye fremu kwa mpira wa tyubu.

Gurudumu la mbele nimeliacha lilelile la zamani, spoki 32 za dukani. Halibebi mzigo mkubwa, halina gia, na sijaona sababu ya kuligusa.