Barakoa ya FFP2 kwenye mashine ya unga wa lishe: ipime usiku, si mchana

Vumbi la unga wa lishe si sawa na vumbi la sembe. Kwenye mashine za kusaga za Manzese, Tandale au Tandika, jijini Dar es Salaam, ndoo moja ya mteja inaweza kuwa na mahindi, ulezi, soya, karanga zilizokaangwa na, kwa wengine, dagaa wakavu. Karanga zikisagwa peke yake hutoa mafuta na kuziba chekeche, ndiyo maana huchanganywa na nafaka. Matokeo yake unga mkavu wa mahindi unageuka mbebaji: chembe zake nyepesi zinapaa pamoja na protini za karanga, soya na dagaa. Fundi wa mashine mwenye pumu au aleji anaivuta hewa hiyo kutwa nzima.

Barakoa tunayoipima hapa ni ya umbo la kikombe, yenye vali mbele (kile kidude cha kutolea pumzi), mikanda miwili ya mpira inayozunguka kichwa, na maandishi FFP2 NR D, ambayo maana yake tunaieleza chini. Hutafutwa zaidi kwenye maduka ya vifaa vya kazi, Kariakoo na Gerezani. Kwa vumbi kavu la unga tunaipa alama nne kwa tano. Tatizo kubwa liko kwa namna watu wanavyoipima. Fundi anaivaa asubuhi, anasaga hadi mchana bila kukohoa, anaridhika. Saa mbili usiku kifua kinambana, analilaumu feni au maji ya baridi. Kumbe ni ule unga wa mchana.

Njia ya hewa, kuanzia puani hadi kwenye vijirija vya mapafu, imetandikwa seli zilizobanana kama vigae. Nyingine zina vinyweleo vinavyofagia uchafu kuelekea kooni, nyingine zinatoa ute, na chini yake kuna seli za akiba zinazoziba pengo likitokea. Baina ya seli na seli kuna viungo vya protini vinavyozuia vitu kupenya. Chembe kubwa kuliko maikromita 10 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) nyingi hukwama puani na kooni. Zilizo chini ya 5 zinashuka hadi kwenye mirija midogo. Chembe ikitua juu ya ute, protini zake zinayeyuka humo, na kama tandiko limechubuliwa na moshi, mafua au vumbi lenyewe, zinapenya kwa urahisi zaidi.

Hapo seli za tandiko hazikai kimya. Zikikwaruzwa au kuumia hutoa ishara za hatari, zinazojulikana kwa majina ya TSLP, IL-33 na IL-25. Ishara hizo zinaziamsha seli za kinga zilizo jirani, ambazo nazo hutoa ishara nyingine: IL-5 inayoita eosinofili (seli nyeupe za damu zinazochochea uvimbe) na IL-13 inayozifanya seli za ute zizidishe kazi. Wakati huohuo seli za dendriti, zinazonyoosha mikono yake katikati ya vigae, huchukua kipande cha protini na kukipeleka kwenye tezi za limfu. Kwa mtu mwenye mwelekeo wa aleji, safari hiyo huishia kwenye kutengenezwa kingamwili za aleji, IgE, nazo hukaa juu ya seli za masti (seli za kinga zilizojaa kemikali za aleji) zikisubiri. Mpaka hapo mtu anaweza asihisi chochote, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa miezi au miaka.

Baada ya hapo, protini ileile ikivutwa tena, seli za masti humwaga kemikali zake, histamini na lukotraini, ndani ya dakika chache: chafya, macho kuwasha, kikohozi, mluzi kifuani. Awamu hii ya kwanza mara nyingi hutulia ndani ya saa moja au mbili. Ya pili huja baada ya saa 4 hadi 8, eosinofili na wenzake wanapokuwa wameshawasili: mirija inavimba, ute unakuwa mzito, pumzi inakata. Aliyevuta vumbi saa nane mchana anaweza kubanwa kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Wapo pia wanaoruka awamu ya kwanza kabisa na kupata ya pili peke yake. Ndiyo maana kutokukohoa kazini hakuthibitishi kwamba barakoa imekukinga.

Jambo jingine linalopotosha ni kauli ya "mimi uji wa lishe nakunywa kila siku, sina aleji". Wapo waoka mikate wanaokula mkate bila shida yoyote lakini unga mbichi ukiwaingia puani wanapata pumu. Ugonjwa wa waoka mikate na wasagaji nafaka uliandikwa na daktari Bernardino Ramazzini wa Italia tangu mwaka 1700. Tumboni protini iliyopikwa inakutana na tindikali na vimeng'enya vinavyoikatakata. Puani na kifuani inatua mbichi, kwenye tandiko tofauti lenye seli tofauti. Mlango mmoja unaweza kuivumilia na mwingine ukaikataa.

Turudi kwenye barakoa yenyewe. FFP2 ni daraja la kiwango cha Ulaya EN 149: kitambaa chake lazima kizuie angalau asilimia 94 ya chembe za majaribio (FFP1 ni 80, FFP3 ni 99). Lakini kiwango hichohicho kinapima pia hewa inayopenya pembeni, na kwa FFP2 uvujaji wa jumla unaruhusiwa kufika wastani wa asilimia 8. Ile 94 ni sifa ya kitambaa; usoni mwako unapata kile ambacho ukingo wa barakoa umekuruhusu. NR maana yake ni ya zamu moja tu, haioshwi wala haihifadhiwi kwa kesho. D ndiyo herufi muhimu zaidi kwa msagaji: inaonyesha imepita jaribio la kuzibwa na vumbi la jiwe la dolomaiti, hivyo haifanyi pumzi kuwa nzito haraka. Barakoa isiyo na D inaanza vizuri, kisha kadiri unga unavyoganda juu yake mtu anavuta kwa nguvu, na akivuta kwa nguvu hewa inatafuta njia rahisi, yaani pembeni ya pua.

Uvujaji huo unaonekana kwa macho. Mwisho wa kazi vua barakoa taratibu, utazame uso kwenye kioo. Ukiona mstari mweupe wa unga unaoshuka kutoka kona ya jicho kando ya pua, au alama nyeupe chini ya shavu pale ukingo ulipopaswa kushika, hewa ilikuwa inapita hapo. Mara nyingi chanzo ni waya wa pua uliobanwa kwa vidole viwili vya mkono mmoja, ukapata kona kali katikati na matundu mawili kando. Ubane kwa mikono miwili, kuanzia katikati ukishuka pande zote. Mkanda wa juu upite utosini, wa chini shingoni chini ya masikio. Wanaovaa yote miwili shingoni wanaiacha barakoa ining'inie. Kisha ifunike kwa viganja pamoja na vali, vuta pumzi kwa ghafla: inapaswa kunywea kuelekea usoni. Isiponywea, irekebishe kabla mashine haijawashwa. Ndevu, hata za siku mbili, zinaharibu mshiko wote, na hapo hakuna ujanja.

Vali inasaidia sana kwa joto la Dar, kwa sababu jasho na mvuke wa pumzi hulowesha kitambaa na kukifanya kizito. Lakini ina udhaifu wake. Kile kijiwambo chembamba cha mpira kilicho ndani yake kikishikwa na punje ya unga hakifungi vizuri, na ukivuta pumzi, hewa chafu inaingia kupitia vali. Kikague kila unapopumzika. Na barakoa isitundikwe kwenye msumari ukutani mle mle mashineni: upande wa ndani unajaa vumbi, na ukiivaa tena unavuta kutoka ndani. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, nje ya chumba.

Kwa wakaanga samaki, kama wale wa soko la samaki la Feri, ushauri unabadilika kidogo. Harufu pekee haibebi protini, ila mvuke na matone ya mafuta yanaibeba. Protini zinazoleta aleji, parvalbumini ya samaki na tropomayosini ya kamba, zinastahimili moto, kwa hiyo moshi wa karai si salama eti kwa kuwa samaki ameiva. Hapa FFP2 inaishinda N95, barakoa ya kiwango cha Marekani: herufi N inamaanisha haistahimili mafuta, wakati FFP2 hujaribiwa kwa chumvi na kwa mafuta ya parafini. Hata hivyo kwa kazi hii tunaipa alama mbili na nusu tu, kwani inalowa upesi na inahitaji kubadilishwa kabla zamu haijaisha. Kusimama upande upepo unakotokea kunasaidia zaidi kuliko kubadilisha barakoa. Zile za hospitali na za kitambaa hazifai kwa kazi zote mbili. Mashavuni ziko wazi.

Barakoa yoyote itazidiwa kama unga unamwagwa kutoka juu ya bega, sakafu inafagiliwa kavu, au mashine inapulizwa kwa kompresa. Mimina ukiwa umeshusha ndoo karibu na mdomo wa mashine, funga mfuko wa kitambaa kwenye bomba la kutolea unga na uukague mishono yake, nyunyiza maji kabla ya kufagia. Vifaa kinga ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na fundi asikatwe mshahara kwa ajili ya barakoa.

Aliyewahi kuvimba koo au kuzimia kwa karanga au samaki asiitegemee barakoa kabisa; hiyo kazi haimfai, na tunalisema hili kwa kumaanisha. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta, salbutamoli, mfukoni, si nyumbani. Kujua kama barakoa inakufaa, tumia kipimo cha nguvu ya pumzi, kile cha kupuliza: puliza mara tatu, andika kubwa kuliko zote, mara nne kwa siku ikiwemo kabla ya kulala, kwa wiki mbili hadi nne, siku za kazi na za mapumziko. Namba zikishuka usiku wa siku za kazi na kupanda siku za mapumziko, peleka daftari hilo kwa daktari wa kifua. Dukani, kabla ya kulipa, tafuta EN 149 na alama ya CE inayofuatiwa na tarakimu nne kwenye barakoa yenyewe, si kwenye boksi tu, na uvute mkanda mmoja uone kama unarudi.